Nundu Pana za Kamshafti

Nauza vipuri vya pikipiki Kariakoo, na nina ulimi mwepesi kuliko akili. Wakati fulani, kwa kujifurahisha tu, niliamua kuunda injini ndogo ya mfano, ya kukaa kiganjani. Nilichora kila kitu mwenyewe. Si nilisoma ufundi chuoni? Mchoro wa kamshafti, kile chuma chenye nundu zinazofungua valvu, nilimpelekea mzee mmoja wa Magomeni aliyekuwa na mashine ya kukereza vyuma mtaa wa Gerezani.

Mzee aliugeuzageuza mchoro wangu.

"Mwanangu, nundu hizi si pana mno?"

"Mzee, we chonga kama ilivyochorwa."

Akachonga. Nilizungusha injini mpaka kidole kikachubuka, haikukohoa hata mara moja. Nikamrudia, akachonga nyingine kwa chuma chake mwenyewe. Nayo ikagoma. Siku hiyo karakana ilijaa wateja, nami nikapandisha hasira.

"Mzee, macho yameisha hayo! Waachie wenye macho!"

Watu wakacheka. Mzee alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaniambia kazi yangu nimpe jirani yake, fundi wa mlango wa pili.

Kesho yake mteja alikuja dukani kwangu kutaka kamshafti ya bodaboda. Nilipoitoa kwenye boksi nikaona nundu zake zilivyo nyembamba. Nimeuza vyuma hivyo miaka yote bila kuvitazama. Krenkshafti, mhimili unaozungushwa na pistoni, ikizunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja tu. Kwa hiyo digrii za valvu kukaa wazi, ambazo hupimwa kwenye krenkshafti, ilibidi nizigawe kwa mbili kabla ya kuchora nundu. Sikuzigawa. Valvu zangu zilikaa wazi mara mbili ya muda unaotakiwa, na mzee alikuwa amechonga sawasawa na mchoro, hakukosea hata unywele.

Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mimi nilikwisha kumnyonga, na haki yake nikaichana vipande pamoja na ule mchoro. Nikachora mwingine, nikampa jirani bila kueleza kitu. Naona aibu hata kuandika hili.

Safari hii injini iliwaka. Mafundi wakashangilia, na mzee naye akaja akitabasamu, akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili.

"Nimekuharibia kazi mara mbili, mwanangu. Nisamehe. Kweli macho yameisha."

Ukweli ulinifika mdomoni. Lakini watu walikuwa wananitazama, na mimi ndiye msomi.

"Yameisha, mzee," nikamjibu, kama mtu aliyekosewa.

Wiki iliyofuata aliiuza mashine yake kwa jirani. Tuliisukuma watu sita juu ya vipande vya bomba, mimi nikiwa mbele. Tulipofika, mzee alinishukuru kwa msaada.