Punje Nne Kwenye Firigisi

Asubuhi ya mwisho waliyoipata kama asubuhi nyingine zote, Nyamburi aliamka kabla ya mumewe, akawasha moto, akafungua banda la bata. Mwikwabe, mumewe, alimsikia akimsema bata dume mmoja aliyekuwa akisumbua majike mlangoni.

"Wewe huna haya? Hata uji sijakoroga."

Akakoroga uji wa mtama, wakanywa. Wakazungumza kidogo juu ya bati la jikoni lililolegea. Kesho yake kifua kikambana Nyamburi, akapelekwa hospitali Bunda, na siku ya nne wakamrudisha Guta kuzikwa. Ndiyo hivyo.

Alikuwa mtu wa Butiama, mtoto wa wafuga ng'ombe. Aliletwa Guta akiwa binti, na huku akakuta maji, matope na mpunga. Hakulalamika. Ng'ombe kwao walikuwa wa wanaume, kwa hiyo alipopata nyumba yake akataka mfugo usioulizwa na mwanaume. Akanunua bata wawili sokoni Nyasura, akawaleta ndani ya kikapu, vichwa nje. Baada ya miaka walikuwa thelathini na kitu. Jioni aliwagusa migongo mmoja mmoja wakiingia bandani, akajua nani hajarudi.

Mwikwabe naye alikuwa na bunduki. Shotigani ya zamani, yenye kibali, na wakulima wa mpunga walikuwa wamemweka awe mlinzi wa majaruba, vitalu vyao vya maji. Bata mwitu wakishuka alfajiri kwa mamia, yeye alifyatua, punje za risasi zikatawanyika juu ya maji, ndege wakaruka. Wachache walianguka, wakaliwa. Kazi hiyo aliifanya miaka ishirini. Watu walimpisha njiani kwa sababu yake. Bila bunduki angekuwa mzee mwenye jembe kama wazee wengine, na alilijua hilo.

Mwaka mmoja bata wa Nyamburi wakaanza kufa. Hawakufa kwa kishindo. Mmoja aliacha kula, mbawa zikaning'inia, kinyesi kikawa kijani, kidari kikachongoka kama kisu. Akafuata mwingine. Nyamburi aliwapa dawa ya mdondo, ule ugonjwa wa kuku, haikusaidia. Mwikwabe akaamua amempata mbaya wake. Shamba la jirani yao Pastory lilikuwa limepuliziwa dawa wiki ile, na Pastory alishawahi kusema bata wanamkanyagia miche.

Akamsimamisha mferejini mbele ya watu.

"Pastory, umewatilia bata wa mke wangu sumu."

"Mwikwabe, mimi nimepulizia majani yangu."

"Umewaua."

"Basi nikiwa nimewaua, na mkono wangu usiushike tena."

Wakaachana hivyo. Kanisani walikaa mabenchi tofauti. Nyumbani Nyamburi alileta uji bila sukari siku tatu.

Bata wa saba alipolegea, akamchinja kabla hajafa ili amwone ndani. Mwikwabe alikaa uani akingoja. Kwao, kama kwa wengi, firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Mwanamke akimnyima mumewe firigisi, anamtukana. Nyamburi akaja na sahani. Firigisi ilikuwa imepasuliwa, haijapikwa. Katikati ya mchanga na vijiwe, punje nne ndogo za kijivu, zimesagika upande mmoja, zinang'aa.

"Firigisi yako hii, Baba Lameck."

"Nimempiga lini huyu?"

"Hujampiga. Nimemtafuta tundu mwili mzima, hana. Ameokota mwenyewe."

"Bata aokote risasi?"

"Bata anameza vijiwe vya kusagia chakula, hujui? Wewe umemwagia majaruba vijiwe vyako miaka ishirini. Yeye atajuaje kwamba hiki ni kijiwe na hiki ni kitu chako?"

Nyamburi akachukua jembe, akamfukia bata yule mzima mzima. Nyama haikuliwa.

Mwezi uleule wilayani wakamtuma afisa wanyamapori kuzungumza na wakulima, maana Nyamburi alikuwa amepanda pikipiki mpaka Bunda na zile punje ndani ya kifuniko cha chupa. Afisa alikuwa dada mmoja, Anastazia. Isidori, mwenyekiti wa wakulima, alimkaribisha kwa utani.

"Leo bwana nyama amekuja amevaa sketi."

"Nyama ni zilezile, mwenyekiti."

Watu wakacheka, akapata nafasi ya kusema. Akasema risasi, madini yenyewe, ni sumu. Ndege akiimeza inasagika, inaingia damuni. Na hata ndege aliyepigwa, nyama yake hubaki na vumbi la risasi lisiloonekana, linaloharibu ubongo, na wanaoumia zaidi ni watoto na mama wajawazito. Kuna nchi zimeshahamia kwenye punje za chuma, hasa penye maji. Yeye hakuleta katazo, ameleta maneno, waamue.

"Babu yangu alikuwaga anakula kanga wa bunduki kila wiki," Isidori akasema. "Amekufa na miaka tisini."

"Alikuwa na akili?" mtu mmoja akauliza nyuma.

"Ndiye aliyeninyima shamba."

"Basi zilikuwepo."

Gody, kijana wa kupalilia, akasema chuma hakiendi mbali, ndege wataishia kuzoea kelele. Mwingine akasema mpunga ukiliwa, huyo dada hatakuja kuwalisha. Isidori akamgeukia Mwikwabe.

"Mlinzi wetu, wewe unasemaje?"

Mwikwabe alijibu kwanza lililo rahisi. Mtutu wake ni wa zamani, na fundi wa bunduki kule Mukendo alimwambia asithubutu kutia chuma humo, utakwaruzika au utapasuka. Wakaona amemaliza. Isidori alikuwa anafungua mdomo aendelee. Mwikwabe akawa bado amesimama. Nyamburi, upande wa kina mama, alikuwa anachambua uzi kwenye kanga yake, hamtazami.

"Bata wa nyumbani kwangu wameuawa na bunduki yangu," akasema. "Majarubani sipigi tena."

Akakaa. Hapo ndipo Pastory alipouliza, taratibu, "Na sumu yangu?" Mkutano ukaisha Mwikwabe hajamjibu.

Msimu ule walitandaza kanda za kaseti za zamani juu ya majaruba, zikawa zinametameta na kuvuma kwa upepo wa ziwani. Walining'iniza makopo. Wanawake walipokezana zamu za kupiga kelele, na Nyamburi alionekana ana sauti ambayo mumewe hakuwahi kuijua. Ndege walikula sehemu, si mpunga wote. Bunduki ilikaa kabatini. Mwikwabe alishika jembe, na wiki za kwanza alidhani watu wanamcheka; baadaye akagundua walikuwa wanampisha njia vilevile. Bata nao Nyamburi aliwazuia wasiende majarubani, akawachimbia kidimbwi nyuma ya nyumba, na mwaka uliofuata vifaranga vilikuwa vingi hata vikalala jikoni.

Siku moja baada ya ibada, Mwikwabe akakamata bata wawili, jike na dume, akawafunga miguu. Nyamburi akafuatana naye bila kuuliza wanaenda wapi. Pastory aliwakuta wamesimama mlangoni kwake. Mwikwabe akanyoosha mkono wenye bata.

Pastory hakuwapokea. "Shemeji," akamwambia Nyamburi, "huyu mtu wako bado hajasema."

Bata wakapiga kelele. Nyamburi akawatoa mkononi mwa mumewe, akawaweka mikononi mwa Pastory.

"Shemeji, mpokee hivyohivyo. Kuomba radhi hajui, lakini ameacha kupiga. Kwa huyu, hiyo ndiyo radhi yenyewe."