Ukuta, Mwambie Fundi

Tumpale alikuwa na tabia moja iliyowachekesha watu wa Ikolo. Kabla ya kutoboa ukuta wowote aliugonga kwanza kwa kidole, akatega sikio, halafu akausemesha. "Wewe matofali yako hayakuiva," angesema. Au, "Wewe aliyekupiga plasta alikuwa anawahi msibani." Watu wakazoea. Fundi umeme wao ni mwanamke, anaendesha pikipiki, tena anaongea na kuta. Hayo ni mambo matatu, na kila mtu alichagua lake la kumtania.

Lakini ulikuwepo ukuta mmoja uliokuwa unamjibu.

Ni ukuta wa nyuma wa ghala la kakao la chama cha ushirika cha Mapambazuko. Mtunza ghala pale ni mzee Andongwisye, baba mzazi wa Eliya, na Eliya ndiye mume wa Tumpale, yule anayepeleka mchele ng'ambo ya mto Songwe na kurudi na vitenge. Kwa hiyo mzee ni mkwewe. Na kwa Wanyakyusa wa kale, baba mkwe na mkamwana hawakai chumba kimoja, hawatazamani usoni, hawatajani majina. Siku hizi wengi wameacha, utawakuta harusini meza moja wanagombania pilipili. Nyumbani kwa mzee Andongwisye hawajaacha. Miaka sita tangu aolewe, Tumpale alimjua mkwewe kwa mgongo, kwa kofia na kwa kikohozi.

Mzee naye alimjua mkamwana kwa mlio wa pikipiki. Akiusikia tu unapanda kutoka darajani, anakusanya kila kilicho chake ghalani, hata kijiti cha kuchokolea meno, anatoka kwa mlango wa nyuma. Akiulizwa kwa nini asiache vitu akaondoka mwenyewe, alijibu, "Ukiacha kitu chako mahali alipo mkamwana, umejiacha mwenyewe."

Sasa mwaka huu chama kikanunua kioo. Si cha kujitazama, ni kile cha kugusa kwa kidole kama simu, ila ukubwa wake kama sinia la chai. Kinafungwa ukutani, kinapima joto na unyevu wa ghala, halafu chenyewe kinawasha feni na kufungua madirisha ya juu, au kinazima na kufunga. Walikuwa na sababu. Mvua ya Kyela haipigi hodi, na msimu uliopita kakao iliyokwisha kukauka vizuri ililowa humo humo ndani ya magunia ikaota ukungu. Wanunuzi waliinusa wakakunja pua.

Mwenyekiti wa chama, Wilson, mtu wa tumbo na maneno, alimpa Tumpale kazi hiyo kwa masharti.

"Wiki moja, fundi. Kikitulia, na maghala ya Ngana na Mwaya utafunga wewe. Kikisumbua, kuna fundi Mbeya ana cheti kirefu kuliko mkono wangu."

"Mkono wako wenyewe mfupi, mwenyekiti," Tumpale alimjibu. Lakini moyoni hakucheka. Alikuwa amechoka kuitwa kubadilisha balbu. Kazi hii ndiyo aliyoisomea, na alijua akiikosa hii ataitwa wa balbu mpaka azeeke.

Siku ya kufunga alifika asubuhi. Ghala lilikuwa tupu, limebaki na magunia tu na Wilson aliyekuwa amekalia mzani. Tumpale akaugonga ukuta huu, akaugonga ule. Mara ukuta wa nyuma ukakohoa.

"Ukuta," ilisema sauti ya mzee Andongwisye kutoka nje, "mwambie fundi akiweke mkabala na mlango. Mgeni akiingia akione."

Tumpale akapiga goti kidogo kwa heshima, ingawa aliyemwona ni Wilson na magunia, akamwita mkwewe Tata, yaani baba. "Ukuta, mwambie Tata, mlangoni linaingia jua la jioni. Kikipigwa na jua kitadhani ghala zima linaungua."

Kikohozi kingine. "Ukuta, muulize fundi, dirishani je?"

"Ukuta, mwambie Tata, dirishani kitapulizwa na upepo, kitadhani tuko kwenye baridi ya Tukuyu."

"Ukuta," akadakia Wilson, "waambie hao wawili mwenyekiti ana njaa."

Kioo kikawekwa ukuta wa katikati, usawa wa kifua cha mtu mzima, mbali na jua na mbali na upepo. Tumpale aliweka pima maji mpaka kile kipovu kikatulia katikati, akachora alama, akatoboa kwa drili, akasukumia fisha za plastiki kwenye matundu na kukazia kikalio cha chuma kwa skrubu nne. Akapitisha nyaya kwenye bomba, akaziunga, akakiegesha kioo kwenye kikalio. Kikaitika, tak. Akawasha umeme. Kikatoa mwanga wa bluu, kikaandika joto nyuzi ishirini na saba, na huko juu feni moja ikazunguka kidogo ikasimama, kama ng'ombe anayefukuza nzi.

"Ukuta," alisema Tumpale akijifuta jasho, "mwambie Tata kazi imekwisha. Ila kitu hiki kinaogopa vumbi. Kisipate vumbi hata kidogo."

"Ukuta, mwambie fundi nimesikia."

Siku ya tatu Wilson akapiga simu.

"Fundi! Feni zako hazijalala tangu jana. Mkweo amenipigia, anasema kioo kinaandika thelathini na sita, na nje mvua inanyesha mpaka vyura wamejikunyata! Madirisha yako wazi, hewa ya mvua yote inaingia kwenye kakao!"

Tumpale akapanda pikipiki na koti la mvua. Alipoingia ghalani mzee alikwishatoka. Kioo kilisoma thelathini na mbili. Alipomaliza kuvua koti kikasoma thelathini. Alipofungua boksi la vifaa kilikuwa ishirini na nane, feni zimesimama, madirisha yamejifunga, kioo kinamtazama kwa upole kama mtoto aliyekula sukari.

Akakaza nyaya zote, hata zile ambazo hazikulegea. Akaondoka. Kabla hajavua viatu nyumbani, simu ikalia. Thelathini na tano.

Mara ya pili akabadilisha waya. Kioo kikatulia mbele yake, kikachafuka alipoondoka. Mara ya tatu akakizima kabisa, akakiwasha upya, akasoma kile kitabu chake cha maelekezo kuanzia picha ya kwanza hadi ya mwisho. Kikatulia. Akaondoka. Kikachafuka.

"Mashine yako inakuonea haya," Wilson alimwambia kwa simu huku anacheka. "Ukija inashusha macho, ukiondoka inaanza vituko. Imeolewa kwenu nini?" Halafu akaacha kucheka. "Ijumaa kamati inakuja ghalani. Yule wa Mbeya nimemwambia akae karibu na simu."

Alhamisi Tumpale hakufungua boksi la vifaa. Alikaa juu ya gunia, akakitazama kioo kama mtu anayemsubiri mwongo achoke. Ndipo akakumbuka kuwa kioo kina kumbukumbu. Akagusa pembeni, ukatokea mstari unaoonyesha joto la wiki nzima. Ulipanda kama mlima, ukaporomoka, ukapanda, ukaporomoka. Kila ulipoporomoka palikuwa na siku na saa, na kila saa ilikuwa saa yake yeye ya kufika. Jumamosi saa tisa, alikuja. Jumatatu saa nne, alikuja. Jumatano saa kumi, alikuja.

Ila Jumanne saa sita mstari uliporomoka, na Jumanne yeye hakuja kabisa.

Akafikiri. Jumanne alikuwa anakwenda Mwaya kufunga taa za kanisa. Hakusimama ghalani, alipita tu barabarani na pikipiki yake.

Tumpale akafumba macho. Basi kioo hakimwogopi yeye. Kuna kitu humu ndani kinachotoka mlio wa pikipiki ukisikika, na kitu kinachotoka mlio wa pikipiki ukisikika ni kimoja tu.

"Ukuta," alisema polepole, "mwombe Tata samahani. Muulize, anapotoka humu huwa amebeba nini?"

Ukuta ulishangaa kidogo. "Ukuta, mwambie fundi, nabeba kigoda. Nabeba koti. Chupa ya chai, na kikombe chake. Biblia. Miwani, siku nikiikumbuka." Ukafikiri. "Na kitambaa."

"Kitambaa gani, ukuta?"

"Kile cha kufunikia kioo. Si alisema kisipate vumbi? Ni cha mezani kwetu, mama yake Eliya alikifuma siku tisa, cheupe, pembeni kina bata. Nakivika chote, juu mpaka chini, nafunga na utepe. Nikitaka kusoma nafunua, nikimaliza nafunika. Vumbi halikioni."

Tumpale alitazama chini ya kioo. Pale palikuwa na vitundu vidogo vidogo, ndipo kinapovutia hewa ya kupima. Kioo chenyewe kina joto lake kama simu iliyowaka muda mrefu. Ukikivika kitambaa cha bata mpaka chini, kinapima jasho lake mwenyewe, kinadhani ni la ghala, kinafungulia madirisha yote mvua iingie.

Alitaka kucheka na alitaka kulia. Kesho kamati inakuja. Akisema ukweli, kazi ni yake, na mzee Andongwisye ataimbwa Ikolo mpaka Matema kwa kuivalisha kompyuta shela. Asiposema, kosa ni lake, na fundi wa Mbeya anawasha gari.

"Ukuta," ikauliza sauti ya nje, sasa iko chini, "muulize fundi, kitambaa kimekosea?"

"Ukuta, mwambie Tata, kitambaa hakijakosea. Kioo kinapumulia tumboni, kwa vitundu vya chini. Fundi ndiye hakusema. Alisema vumbi tu."

Alisikia nyayo zikiondoka kwenye tope, bila kikohozi, na hilo ndilo lililomuuma. Miaka sita mzee hajawahi kuondoka bila kukohoa.

Ijumaa kamati ikaja, watu watano na miavuli mitatu. Kioo kilisoma ishirini na saba. Feni zimelala, madirisha yamefungwa, mvua inapiga bati. Kitambaa hakikuonekana, kigoda hakikuonekana, mzee hakuonekana.

"Tangu jana jioni kimetulia," alisema Wilson, anakizunguka kioo kama anayenunua mbuzi. "Sasa utuambie, fundi. Tatizo lilikuwa nini?"

Tumpale akasogea mbele. "Kosa langu, mwenyekiti. Kuna maelekezo niliyasahau siku ya kufunga."

"Maelekezo gani?" aliuliza mjumbe mmoja, mama Tusekile, ambaye hapendi majibu mafupi.

"Ya… hewa."

"Wiki nzima umesahau hewa?" Wilson akaanza kutafuta simu mfukoni, na Tumpale alijua anatafuta namba ya nani.

Ukuta wa nyuma ukakohoa.

"Ukuta, waambie wajumbe fundi anawadanganya. Alichosahau ni neno moja. Aliyekifunika kioo ni mimi, kwa kitambaa cha mke wangu, juu mpaka chini, kikakosa pumzi. Kazi yake haina kasoro. Nimeitazama kila siku."

Wajumbe walitazamana. Wilson alianza kucheka kuanzia tumboni, kicheko kikapanda mpaka machozi, akajishikilia kwenye gunia. "Kitambaa! Mzee amekivalisha kitambaa!"

"Ukuta," sauti ikaendelea bila haraka, "mwambie mwenyekiti acheke taratibu. Luninga ya kwake sebuleni ina kitambaa, redio ina kitambaa, na mara ya mwisho nilipokwenda hata jagi la maji lilikuwa na kitambaa."

Wilson akanyamaza kama redio iliyochomolewa. Mama Tusekile ndiye aliyeangua kicheko sasa, maana kile cha jagi alikifuma yeye.

Waliporudi kwenye kazi, uamuzi haukuchukua muda. Wilson akarudisha simu mfukoni. "Ngana ni yako, na Mwaya ni yako. Ila huko uwaambie kuhusu hewa."

"Na vitambaa," akamalizia mama Tusekile.

Kamati ilipoondoka, Tumpale alibaki kufanya kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Alitoa drili, akahesabu hatua mbili kutoka kwenye kioo, akaugonga ukuta, akapima kwa pima maji, akafunga kijiti cha mbao kwa skrubu mbili.

"Ukuta, mwambie Tata, hapa ndipo pa kitambaa cha mama. Kitaonekana kutoka mlangoni. Mgeni akiingia akione."

"Ukuta, muulize fundi, kijiti kimenyooka?"

"Kimenyooka kuliko kioo, ukuta."

"Ukuta," ikasema sauti, "mwambie fundi, ndaga fijo."

Asante sana. Kwa miaka sita hakuwahi kuisikia ikipita ukutani. Tumpale akajishughulisha na kufunga boksi la vifaa, na alipoinama kulinyanyua ndipo akaona, nyuma ya gunia karibu na mlango wa nyuma, chupa ya chai. Juu yake kikombe kimefunikwa. Chupa ya mzee. Hakuisahau, maana mzee yule hasahau hata kijiti cha meno.

Akamimina, akanywa amesimama, taratibu, mpaka chini. Akasuuza kikombe kwa maji ya mvua yaliyokuwa yanatiririka kutoka batini, akakirudisha kilipokuwa.

"Ukuta," akasema akivaa koti lake, "mwambie Tata chai ni nzuri. Ila haina sukari."

Ukuta ukakohoa, na safari hii kikohozi kilifanana sana na kicheko.