Kadi Aliyoichoma Clotilde

Clotilde wa soko la Kikula, mjini Likasi, alikuwa na mdomo. Aliyenunua unga wa muhogo kwake aliondoka na unga, na juu yake habari za mtaa mzima, bila kuziomba. Ndiyo maana inauma kusema kwamba kilichomponza ni kunyamaza.

Mumewe Gaston, mnunuzi wa mawe ya shaba, alipata kansa ya mapafu. Ndugu walichanga, akapelekwa India, akatundikiwa dawa ya kuamsha kinga ya mwili ili ipambane na uvimbe. Dawa ilikubali. Gaston akarudi Likasi akicheka, na kadi ndogo mfukoni. Daktari wa kule alikuwa amewaeleza wote wawili: kinga iliyoamshwa huweza kumgeukia mwenyewe na kuuvimbisha moyo, hata miezi baadaye. Pumzi ikikata, kadi ionyeshwe hospitali yoyote siku hiyohiyo.

Kanisani kwao, aliyeponywa huleta karatasi za ugonjwa zichomwe mbele ya waumini. Tangu hapo jina la ugonjwa halitajwi tena, maana kulitaja ni kuurudisha. Clotilde alikusanya karatasi zote, na kadi pia kutoka mfuko wa shati la bluu la Gaston, akazitia motoni kwa mkono wake huku akiimba. Gaston alikuwa amepiga magoti, amefumba macho. Hakuona kilichoungua.

Wiki tatu baadaye hakuweza kufika mlangoni bila kusimama njiani. Miguu ikavimba. Hospitalini, kwa kuwa Gaston hakuwa na pumzi ya kusema, daktari kijana aitwaye Michel alimuuliza Clotilde:

— Mama, mbele ya hii, papa aligonjwaka nini?

— Hakuna, docteur. Yezu alishamuponyesha yote.

— Na dawa? Alipataka dawa gani?

— Hata moja.

Michel akatibu alichokiona: akampima malaria, akampa dawa ya kutoa maji mwilini. Siku nne zikapita hivyo. Clotilde alikaa kando ya kitanda, yeye mwenye maneno yote ya Kikula, na neno moja limemkaba. Akilisema, ameurudisha ugonjwa. Asiposema, je? Siku ya tano, midomo ya mumewe ilipopauka, alimfuata daktari kwenye korido akamwaga yote: India, dawa, kadi, moto.

Michel hakumkaripia. Afadhali angemkaripia.

— Ungeniambia siku ya kwanza, mama, alisema tu, akakimbilia cortisone, dawa ya kuituliza kinga, dozi kubwa.

Jioni alimwambia ukweli. Moyo ulikuwa umechoka mno, mashine ya kuusaidia haikuwepo, na barabara ya kwenda hospitali kubwa ya Lubumbashi mgonjwa asingeivumilia.

Clotilde akarudi kitandani akiuchukia mkono wake. Gaston akaushika mkono huohuo, akamwita kwa jina la mtoto wao.

— Mama Hénoc, ile carte iko mu poche ya chemise yangu ya bleu. Ulimupa docteur?

— Nilimupa, papa Hénoc.

— Basi itakuwa bien, alisema Gaston, akafumba macho kungoja nafuu.