Rai ya Mkate na Rai ya Chupa

Columbus nilifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, na huko rai, yaani rye ya Kiingereza, ilikuwa mkate: mweusi kidogo, mchachu, wa kushibisha. Mama, niliyeishi naye, aliupenda. Alisema ndio mkate pekee wa Amerika usioyeyuka mdomoni kabla hujautafuna.

Tulipohamia Louisville, kwenye nyumba za kupanga za Highview, nikapata kazi mahali wanaposaga nafaka za kutengenezea whisky. Huko rai ilikuwa nafaka yenyewe, ndugu wa ngano. Mtanzania mmoja kazini alizoea kunitania, "Ndugu, toa rai yako," maana kwa Kiswahili chao rai ni maoni. Nilicheka, lakini yangu niliificha. Nyumbani kwetu pombe haitajwi mezani, sembuse kuitengeneza. Mama alipouliza kazi mpya ni ya nini, nikamjibu, "Iko ileile rai, mama."

Jumapili akasimama kanisani, akamshukuru Mungu kwa mtoto wake anayelisha watu mkate. Niliinamisha kichwa kwa aibu, watu wakadhani naomba.

Dada yangu alikuwa Buffalo, karibu na Grant Street, akimtunza mzee mmoja mzaliwa wa Kanada. Kila jioni mzee aliomba rai. Dada akampigia mama kuuliza, mama akajibu kwa fahari, "Njo ile mukate mudogo wako anatengenezaka!" Siku tatu mzee alipewa vipande viwili vyenye siagi, akala kwa adabu. Ya nne akamwonyesha dada kabati.

Dada alipiga simu akicheka hadi akakohoa. "Mama, bon, rai ya huyu muzee haiko mukate! Iko whisky! Iko mu chupa!"

Mama hakucheka. Aliweka simu mezani, akaniangalia.

"Na yako?"

"Iko ya chupa, mama."

Nilianza kueleza kwamba Wamarekani ndio waliolichanganya neno. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Ile neno haina kosa. Ni weye ulijificha ndani yake."

Wiki nzima niliogopa jambo moja tu: kwamba hatasimama tena mbele ya watu kunitaja. Jumapili akasimama.

"Mutoto wangu hatengenezake mukate," alisema. "Anatengenezaka whisky. Mumuombee. Na mimi muniombee, juu nilimushukuru Mungu bila kuuliza muzuri."

Mama akarudi kuketi palepale ubavuni mwangu, akanishika mkono.