Mtoto Aliye Kwenye Picha ya Mama Achieng ni Wangu

Admin, naomba ufiche jina langu. Majina mengine nimeyabadilisha. Ukinitambua, tafadhali nyamaza tu.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na sita, mjane, naishi Kawangware na binti yangu Nafula. Miaka ya tisini tulikuwa na studio ya picha Kibera, Kisumu Ndogo, mimi na mume wangu. Chumba cha mabati, pazia la bluu mbele, nyuma chumba cha giza. Yeye alipiga picha, mimi nilisafisha filamu. Wateja wengi walitaka picha nyeusi na nyeupe, na hizo filamu alisema kuna mtu anamuuzia Kawangware. Kwenye boksi kulikuwa na jina la kampuni ya ng'ambo. Sikuwahi kuuliza zaidi.

Jirani yetu Mama Achieng, muuza samaki wa omena, alimleta mtoto wake Achieng, wa miezi minne, apigwe picha ya kumtumia nyanya yake Siaya. Mtoto akalala, tukampiga hivyo hivyo. Hiyo ilikuwa Jumamosi. Alhamisi malaria ikamchukua.

Ijumaa asubuhi mama alikuja studio. Hakulia. "Mama Nafula, kesho tunamsafirisha Siaya tukamzike," akaniambia. "Hiyo picha ndiyo peke yake nitabaki nayo."

Nikamwambia arudi jioni. Nilipotoa filamu kwenye dawa, ilikuwa ukungu mtupu, mwanzo hadi mwisho. Hakuna sura hata moja. Pembeni mwa filamu huwa kumeandikwa jina la aliyeitengeneza. Nikaiinua kwenye mwanga nikasoma. Halikuwa lile la kwenye boksi.

Nikamfunga Nafula mgongoni, naye alikuwa mchanga wa umri huo huo, nikatembea hadi Kawangware kumtafuta huyo muuzaji. Kwenye nyumba niliyoelekezwa baada ya kuulizia, nilimkuta mume wangu peke yake. Mikono ilikuwa ndani ya mfuko mweusi usiopitisha mwanga, anakata filamu kuukuu iliyoisha muda na kuizungusha kwenye vikopo vilivyotumika. Maboksi mapya yalikuwa yamepangwa kitandani. Muuzaji mwingine hakuwepo. Alikuwa yeye.

"Kumbe ni wewe unazitengeneza?"

Hakushtuka. "Hata hao wa ng'ambo, wengine hawatengenezi. Wananunua kwa kiwanda cha mwingine, wanabandika jina lao. Mimi nimefanya tofauti gani?"

"Mtoto wa Mama Achieng hajatokea."

Alitoa mikono kwenye mfuko. Halafu akasema bila kuniangalia, "Nafula ana picha amelala. Wa umri huo wote ni sawa tu."

Ningeweza kukataa. Sikukataa. Nilirudi nikatafuta negativu ya ile picha ya Nafula amelala, nikaichapa, nikaiacha iwe giza kidogo. Jioni Mama Achieng aliishika kwa mikono miwili, akaitazama sana.

"Kumbe alikuwa mnono hivi," akasema. Akaniombea Mungu anibariki.

Sikuhisi kitu. Nilinyonyesha mtoto, nikasonga ugali, tukala. Mume wangu aliacha zile filamu na hatukuzungumzia jambo hilo tena mpaka alipofariki. Watu wangejua, wangeuliza kama nilijuta. Hakuna anayeuliza, kwa sababu hakuna anayejua, lakini najiuliza mwenyewe hata sasa. Ni kama kugusa kitu kwa mkono uliokufa ganzi.

Mama Achieng bado yuko Gatwekera, hapo Kibera. Hakupata mtoto mwingine. Ile picha iko ukutani, na kila nikienda ananiambia ni mimi niliyemwachia mtoto. Sasa ni mgonjwa, anarudi kwao Siaya kabisa. Wiki jana alituita mimi na Nafula, akaishusha.

"Nikuzie hii picha iwe kubwa," akamwambia binti yangu. "Kaburi la Achieng halijawahi kuwa na alama. Nataka sura yake ikae pale kabla sijamfuata."

Nafula ameichukua. Ameiweka mezani hapa nyumbani, anatafuta mtu wa kuichapa kwenye kigae cha kuwekwa kaburini. Hajui anajitazama mwenyewe. Kwetu sura ya mtu aliye hai haiwekwi kaburini. Na nikifungua mdomo, yule mama atamzika mtoto wake mara ya pili, naye mwenyewe hana siku nyingi.

Anasafiri Jumatano. Dada zangu, kaka zangu, nishaurini kabla siku hiyo haijafika. Nimwambie nani kwanza, ama ninyamaze?