Shikamoo ya Kwenye Mteremko

Jamani, raha ya sketibodi ni asubuhi na mapema! Saa kumi na mbili Tabora bodaboda bado zimelala, lami ina ubaridi, na hewa inanukia moshi wa kuni za chai. Mguu wa kushoto unauweka kwenye ubao, wa kulia unaisukuma lami mara tatu, halafu unauinua. Basi! Magurudumu manne yanaanza kunguruma, upepo unaingia mpaka kwenye mikono ya sweta, na mimi, mtu mzima niliyemaliza chuo na kukaa nyumbani kusubiri ajira, nacheka peke yangu kama chizi.

Ubao wenyewe niliuokota kwenye rundo la mitumba, umechubuka huku na huku, na kwa wiki tatu ulikuwa kila kitu kwangu. Shida ilikuwa moja tu. Kuteremka nilijua, kusimama nilikuwa bado.

Sasa Tabora utaishije na watu bila kusimama? Mkubwa hasalimiwi kwa kupitwa. Mimi nilikuwa naitupa tu, "Shikamooo!" na kabla marahaba haijamtoka mtu mdomoni nishafika kwenye kona. Bibi mmoja jirani yetu, mjane anayefagia mbele ya nyumba yake kila asubuhi kwenye mteremko huohuo, akafunga safari mpaka kwetu kunishtaki.

Baba aliwaka. "Misafara ya zamani ilitoka pwani kwa miguu, miezi na miezi, watu wana mizigo kichwani, na ikifika hapa inasimama, watu wanajuliana hali. Wewe una haraka ya kwenda wapi? Nikisikia tena umempita mtu mzima, huo ubao naupasua kuni." Na baba akisema amesema.

Kesho yake nikatoka hivyohivyo. Njia nyingine zote ni mchanga, na sketibodi na mchanga haviivi. Nikashuka. Bibi yule hapo, na ufagio wake. Nilipomkaribia nikaruka chini, nikapepesuka, nikasimama mbele yake na kupiga goti kidogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu." Akanishika mkono, wala hakuuachia. "Baba hajambo?"

"Hajambo, bibi."

"Na mama?"

Kumbe ubao haukusimama! Kwa pembe ya jicho niliuona unateremka wenyewe, kwanza taratibu, kisha mbio, na kule chini lori la tumbaku linakata kona kuingia barabarani. Mwili mzima ulitaka kukimbia. Nikabaki palepale.

"Mama hajambo," nikasema, machozi yananilenga.

Bibi akageuka, akaona. "We! Kimbia! Hayo mengine tutaulizana ukirudi!"

Nilikimbia mimi! Nikaudaka hatua chache tu kutoka kwenye tairi, dereva akanipigia honi na kunishushia matusi mawili matatu. Nikapanda mteremko kwa miguu, ubao kwapani, nacheka.

"Bibi, nisamehe kwa zile siku zote," nikamwambia.

Akaegemea ufagio. "Mimi sikukushtaki kwa kuteleza. Teleza, nani kakukataza? Baba yako nitamwambia mwenyewe. Ila tangu mwanangu wa mwisho ahamie Nzega nimebaki peke yangu humu ndani, na wewe ndiye mtu wa kwanza kunipitia asubuhi. Natoka na ufagio nasema, leo atasimama. Mara wewe huyooo, umeshapita!"

Aliniumiza, aisee. Wiki tatu nzima nilidhani ananuna. Nikauweka ubao chini, safari hii nikaukanyaga kwa nguvu.

"Umeamkaje, bibi?"

Akanieleza. Goti la kushoto, kuku anayekula mayai yake mwenyewe, bati linalovuja juu ya kitanda. Jua likatoka, bodaboda zikajaa barabarani, mteremko wa siku ile ukaniponyoka wote, na sikusogeza mguu.