Maziwa Niliyoyakataa kwa Koko

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika ofisini Karatu saa nzima kabla haijafunguliwa, nikakaa kwenye ngazi nikijiuliza kama kuwahi mno nako ni kosa. Nilikuwa nimetoka chuoni na shahada ya lishe. Kazi ilikuwa ya mkataba: mdodosaji, yaani mtu anayepita kaya kwa kaya akiuliza watu wamekula nini. Mkataba huo sasa umekwisha, na nawaandikia wadogo zangu mtakaoifanya kazi hii.

Afisa Lishe, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, alinikabidhi fomu, utepe wa kupimia mkono na kikombe chenye alama za vipimo. Kisha akanisomea kanuni.

"Mdodosaji hapokei chakula kwenye kaya. Ukila kwao, watakujibu ya kukufurahisha. Tumeelewana, binti?"

"Hata maji, mama?"

"Maji beba yako."

Nikaiandika kanuni hiyo kwenye daftari na kuipigia mstari mara mbili.

Kituo cha kwanza kilikuwa Kansay. Mimi ni Mwiraqw, mzaliwa wa Karatu, na vyakula vya huko navijua: makande, ugali kwa maziwa mgando, maboga msimu wake. Tulitumia dodoso la saa ishirini na nne, ambalo humwuliza mama kila kilicholiwa na kunywewa tangu jana asubuhi. Nilipokataa chakula walinicheka. "Mtoto wa nani wewe usiyejua kula?" Lakini maswali yote waliyajibu. Nikaamini kanuni inatosha.

Mwezi wa pili nikapelekwa Ngorongoro, kwa wafugaji. Mkalimani wangu alikuwa Nasieku, mhudumu wa afya wa kijiji. Boma la kwanza lilikuwa la bibi ambaye wote walimwita Koko, jina la heshima la bibi kwa Kimaasai. Aliishi na wajukuu na mkwe wake Naserian, aliyekuwa akinyonyesha.

Koko alinimiminia maziwa kutoka kwenye kibuyu. Nikaifikiria kanuni. Nikafikiria homa inayotokana na maziwa mabichi. Nikafikiria kwamba nikinywa nitapunguza kile nilichokuja kukipima.

"Asante, Koko. Sinywi."

Akakichukua kikombe, akayarudisha maziwa kibuyuni. Nikauliza jana walikula nini.

"Uji," Nasieku akatafsiri.

"Na nini kingine?"

"Uji tu."

Kila boma siku ile lilijibu hivyohivyo. Niliondoka na fomu zisizo na tone la maziwa, na ng'ombe wamesimama mbele ya gari.

Ofisini Msimamizi wa Takwimu alifurahi. "Safi sana. Tunawaombea watoto wote msaada wa maziwa ya unga. Orodha ya mahitaji inakwenda Ijumaa."

Nikawakumbuka wale ng'ombe. Nikampigia Nasieku.

"Dada, ulikataa maziwa ya Koko, habari ikakutangulia," alisema. "Mtu anayeona chakula chako kichafu, utamweleza unachokula?"

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniuliza. Macho yako yalikuwa kwenye karatasi."

Nilikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio. Kukiri kungeweza kunifukuzisha. Kunyamaza kungeipeleka Ijumaa orodha ya uongo. Jumatano nikarudi kwa Koko.

"Leo una kiu?" akauliza.

"Nina kiu, Koko. Na juzi nilikosea. Ila naomba yachemshwe."

"Juzi nilidhani unaumwa; kumbe bado mgonjwa!" Boma zima likacheka. Akayachemsha. Yalinukia moshi, kwa kuwa kibuyu husafishwa kwa kijinga cha moto, na nikayamaliza.

Ndipo Naserian akajibu. Watoto hunywa maziwa asubuhi na jioni.

"Na wewe?"

Akamtazama mama mkwe wake kwanza. "Ng'ombe wamekauka. Yaliyopo ni ya watoto. Mimi ni uji."

Nikaupima mkono wake. Ulikuwa umekonda. Nikazunguka maboma yote upya, nikanywa chai kila nilipopewa, na habari ya akina mama wanaonyonyesha ikawa ileile.

Alhamisi nikamweleza Afisa Lishe yote. Alisoma fomu taratibu.

"Umevunja kanuni."

"Ndiyo, mama."

"Na usingerudi, tungewapelekea maziwa watoto wanaokunywa, mama zao wakabaki na uji. Yaandike yote mawili, ulipokataa na ulipokunywa. Na kosa la fomu za kwanza uliandike kwa jina lako."

Nikaandika. Orodha ikabadilishwa: unga wa lishe kwa wanaonyonyesha. Andiko langu likabaki kwenye jalada, na mkataba wangu haukuongezwa. Sijui kama hayo mawili yanahusiana; nimeyafikiria kupita kiasi. Ninachowaambia ni kwamba mtu hakuelezi anachokula mpaka ajue unakionaje. Hilo chuoni sikulisikia.

Ziara yangu ya mwisho ilikuwa ya ufuatiliaji. Fomu iliuliza nani ameula unga uliotolewa.

"Mimi," alisema Naserian.

Sikuandika. Nikanywa chai yangu, nikangoja.

"Na watoto," akaongeza. "Na Koko. Na jirani, amejifungua juzi. Na wageni wake. Mtu atakulaje peke yake?"

Fomu ilikuwa na mistari minne. Nikaigeuza, nikaendelea kuandika majina upande wa nyuma.